John Moses Browning

John Moses Browning (23 Januari 1855 – 26 Novemba 1926) alikuwa fundi na mbunifu wa silaha kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kuwa mmoja wa wabunifu wa silaha waliokuwa na athari kubwa kuliko wote katika historia. Alipata hataza 128 za uvumbuzi wake, na bunduki na bastola alizobuni zilitengenezwa na makampuni ya Winchester, Colt na Remington nchini Marekani, pamoja na Fabrique Nationale (FN) ya Ubelgiji.

Watu wengi wanamfahamu kwa silaha za kivita, hasa bastola ya mwaka 1911 na bunduki za rashasha. Lakini kazi yake ilianza na chombo cha kawaida kabisa, yaani bunduki ya kuwinda inayopakiwa risasi moja kwa mkono. Uzalishaji wake wa awali kiwandani ulikoma zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini mafundi wanaendelea kuitengeneza na kuibadilisha ili itumie risasi za aina nyingine.

Familia na asili

Browning alizaliwa katika mji wa Ogden, Utah, ambayo wakati huo haikuwa bado jimbo kamili la Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alizaliwa Tennessee mwaka 1805 na kujifunza ufundi wa bunduki tangu ujana. Baadaye alihamia Illinois, akajiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni. Mwaka 1852 alifika Utah pamoja na wahamiaji wengine wa kanisa hilo, akafungua karakana yake Ogden.

Jonathan alikuwa na wake watatu, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi ya Wamormoni wa wakati ule, na watoto 22. Mama yake John aliitwa Elizabeth Caroline Clark. Jonathan mwenyewe alikuwa mvumbuzi. Alibuni bunduki yenye kipande cha chuma kilichobeba risasi kadhaa, ambacho mpigaji alikisukuma kando kila alipotaka kufyatua tena. Hata hivyo, kule Utah muda wake mwingi ulikwenda katika kutengeneza vitu vilivyoharibika vya majirani: bunduki, majembe, vyombo vya nyumbani na chochote cha chuma kilicholetwa mlangoni.

Utoto katika karakana

John alikulia ndani ya karakana hiyo. Kabla ya kusoma vizuri alikwisha kujua majina ya sehemu zote za bunduki, na kazi ya kila sehemu. Vifaa vilikuwa vichache, na vipuri vya kununua dukani havikuwapo. Kipande kilichovunjika kilibidi kifuliwe upya kwenye moto, kisha kisuguliwe kwa tupa mpaka kiingie mahali pake.

Inasimuliwa kuwa alipokuwa na umri wa miaka 10 aliokota mtutu wa bunduki mbovu kwenye mabaki ya chuma, akaufunga kwenye ubao uliochongwa ovyo, akaenda kuwinda ndege wa porini pamoja na mdogo wake Matthew. Walirudi na kitoweo. Baba yao alipoiona bunduki ile hakumsifu sana. Alimfanya mtoto ajiulize kama hangeweza kutengeneza nzuri zaidi. Iwe hadithi hiyo imekuzwa au la, inaeleza vizuri namna alivyofundishwa. Shule yake halisi ilikuwa meza ya karakana, na vitabu vyake vilikuwa bunduki zilizovunjika za watu wengine. Fundi anayetengeneza vitu vibovu huona kila siku mahali panapokatika, chemchemi inayolegea upesi na skrubu inayopotea njiani. John aliyaona hayo tangu utotoni.

Mwaka 1869 reli ilifika Ogden, na mji ukaanza kukua. Bunduki za viwandani kutoka mashariki mwa Marekani ziliongezeka, na zilipoharibika zililetwa kwa akina Browning.

Bunduki ya risasi moja

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 23, John alikuwa akiikagua bunduki ya risasi moja iliyoletwa kutengenezwa. Aliona kwamba ilikuwa na sehemu nyingi zisizo za lazima, akasema angeweza kuunda iliyo bora kuliko ile. Baba yake, ambaye sasa alikuwa mzee, alimhimiza ajaribu. John alichora mpango wake, akafua sehemu kwa mkono, na bunduki ikafanya kazi.

Mwaka 1879 ulikuwa na mambo mengi kwake. Mwezi Aprili alimwoa Rachel Teresa Child, ambaye baadaye alizaa naye watoto kumi. Mwezi Mei aliomba hataza ya bunduki yake. Mwezi Juni baba yake alifariki, kabla ya kuona jibu la ombi hilo. Tarehe 7 Oktoba 1879 alipewa hataza namba 220,271, ya kwanza maishani mwake.

John alibaki na mzigo wa familia kubwa. Pamoja na ndugu zake alijenga karakana ndogo Ogden na kuanza kutengeneza bunduki hiyo kwa ajili ya kuuza. Mwingereza mmoja aliyekuwa fundi bunduki, Frank Rushton, aliwasaidia kupanga mashine na kuwafundisha kuzitumia. Kila bunduki iliuzwa kwa dola 25, na kwa jumla walitengeneza takriban 600. John hakuipenda kazi ya kurudia kitu kilekile kila siku. Alitamani kubuni, lakini familia ilihitaji kula.

Namna inavyofanya kazi

Katika bunduki nyingi za risasi moja, jambo gumu ni kuufunga mtutu kwa nyuma. Baruti inapowaka ndani ya ganda la risasi hutoa gesi yenye shinikizo kubwa. Kama nyuma hapakufungwa imara, ganda hupasuka na mpigaji hujeruhiwa usoni au mikononi.

Browning alitumia kizibo kizito cha chuma kinachopanda na kushuka wima ndani ya kiunzi cha bunduki. Wenzo unaokizunguka kifyatulio ukivutwa chini, kizibo hushuka pamoja na nyundo, na ganda lililotumika husukumwa nje. Mpigaji huingiza risasi mpya kwa mkono na kuurudisha wenzo juu. Kizibo hupanda, huziba mtutu, na kuegemea kuta nene za kiunzi. Nguvu ya mlipuko haibebwi na pini wala skrubu ndogo, bali na chuma kilichoegemea chuma.

Sehemu zake ni chache. Pini ya wenzo ikitolewa, kizibo, nyundo na wenzo hutoka pamoja kwa chini. Mkulima aliyeishi mbali na mji aliweza kuisafisha mwenyewe, na fundi wa kijijini aliweza kuitengeneza. Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi ile.

Kuuzwa kwa Winchester

Mwaka 1883 wakala wa mauzo wa kampuni ya Winchester aliiona mojawapo ya bunduki za Ogden, akaipeleka makao makuu ya kampuni huko New Haven, Connecticut. Thomas Gray Bennett, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, aliona mara moja kuwa ni kazi bora. Alisafiri kwa treni hadi Ogden, akawakuta vijana wa familia moja katika karakana ndogo. Wakapatana kwa dola 8,000, na haki zote za bunduki ile zikawa za Winchester.

Kwa vijana wale hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Lakini kuna jambo la kuzingatia katika mkataba huo. Browning aliuza kazi yake moja kwa moja, bila mrabaha, yaani bila kupata sehemu ya fedha ya kila bunduki itakayouzwa baadaye. Aliendelea kuiuzia Winchester michoro yake kwa utaratibu huohuo kwa karibu miaka 20.

Wahandisi wa Winchester walifanya marekebisho, na mwaka 1885 bunduki ikaingia sokoni kwa jina la Winchester Model 1885. Ilitengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa na kuta ndefu zinazokifunika kizibo pande zote mbili, kwa ajili ya risasi kubwa. Ya pili ilikuwa na kuta fupi na kiunzi chepesi, kwa ajili ya risasi ndogo ambazo vidole vilihitaji nafasi ya kuziingiza. Kaliba zake, yaani vipimo vya tundu la mtutu, zilianzia .22 ya inchi hadi .50. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1920, karibu bunduki 140,000 zilikuwa zimetengenezwa. Toleo moja la kaliba .22 lenye umbo la bunduki ya kijeshi lilitumika kuwafundisha askari wa Marekani kulenga shabaha kwa risasi za bei nafuu.

Kazi zilizofuata

Baada ya hapo Browning alibuni kwa kasi kubwa. Kati ya mwaka 1887 na 1889 alisimama kidogo, akaenda Georgia kufanya kazi ya umisionari wa kanisa lake. Aliporudi aliendelea na michoro yake. Winchester ilitengeneza bunduki zake za wenzo za mwaka 1886, 1892, 1894 na 1895, pamoja na bunduki za marisau.

Ile ya mwaka 1895 ilifika hadi Afrika ya Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa safari ya uwindaji na ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya mwaka 1895 ya kaliba .405, ambayo aliipenda hasa kwa kuwinda simba.

Wakati huohuo Browning alikuwa akitafuta njia ya kutumia nguvu iliyopotea bure. Aliona kwamba gesi inayotoka mtutuni na kishindo kinachoirudisha bunduki nyuma vinaweza kufanya kazi ya kutoa ganda na kupakia risasi nyingine. Kutokana na wazo hilo zilitoka bunduki ya rashasha iliyotengenezwa na Colt kuanzia mwaka 1895, bastola nyingi, na bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe.

Bunduki hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtenganisha na Winchester. Mwaka 1902 alimtaka Bennett alipe mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa. Bennett alikataa. Browning alikwenda kumwona mkuu wa kampuni ya Remington, Marcellus Hartley, lakini Hartley alifariki siku ileile ya miadi yao, 8 Januari 1902. Hapo Browning alifunga safari kwenda Ubelgiji, ambako FN ilikuwa tayari inatengeneza bastola zake. FN ikakubali. Bunduki hiyo, iliyokuja kuitwa Auto-5, ilitengenezwa kwa miongo mingi.

Silaha zake na vita

Haiwezekani kueleza maisha ya Browning bila kutaja vifo vilivyotokana na silaha alizobuni. Tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip alimwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe, katika mji wa Sarajevo. Alitumia bastola ya FN ya mwaka 1910 iliyobuniwa na Browning. Mauaji hayo yalifuatwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ilikuwa na upungufu mkubwa wa bunduki za rashasha. Browning alionyesha mbili. Moja, iliyopozwa kwa maji, ilifyatua zaidi ya risasi 20,000 katika majaribio ya mwezi Mei mwaka huo bila kusumbua. Nyingine ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa na askari mmoja, nayo ikajulikana kwa kifupi cha BAR. Alikubali malipo ya dola 750,000, ambayo yalikuwa madogo sana kuliko mrabaha ambao angeweza kuudai. Mwanawe Val alikuwa mmoja wa maofisa waliozipeleka Ufaransa. Bunduki kubwa ya rashasha ya kaliba .50, iliyotokana na michoro yake ya miaka ya mwisho wa vita hivyo, bado inatumiwa na majeshi mengi.

Kifo

Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926 huko Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa kiwandani kwa FN, katika ofisi ya mwanawe Val, akiwa bado anashughulikia bastola mpya. Alikuwa na umri wa miaka 71. Mwili wake ulirudishwa Marekani, akazikwa Ogden. Bastola aliyoiacha ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive na kutolewa mwaka 1935.

Kufufuliwa kwa bunduki za zamani

Bunduki ya risasi moja ilipitwa na wakati, lakini haikutupwa. Chuma cha kiunzi hudumu kuliko mtutu, na mtutu hudumu kuliko risasi za aina fulani kuendelea kupatikana madukani. Kwa hiyo nyingi ya bunduki za mwaka 1885 zilizobaki zina moja ya matatizo mawili: mtutu umeliwa na kutu, au risasi zake hazitengenezwi tena.

Kutu hiyo ina sababu yake. Fataki za zamani, yaani sehemu ndogo inayowasha baruti, zilikuwa na kemikali iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Mwenye bunduki asiposafisha siku ileile, kutu hula mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi, na shabaha hupotea. Mitutu ya kaliba .22 iliathirika zaidi, kwa kuwa tundu lake ni dogo na bunduki hizo mara nyingi zilikuwa mikononi mwa watoto. Dawa yake ni kutoboa mtutu wa zamani kwa kekee ndefu na kuingiza ndani yake bomba jembamba la chuma lenye mifereji mipya. Kwa nje bunduki hubaki kama ilivyotoka kiwandani.

Tatizo la pili hutatuliwa kwa kukereza upya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Fundi hutumia kifaa cha kupanulia chenye umbo la risasi mpya, akikata kidogo kidogo. Kisha hupima kwa vipimo viwili. Kizibo lazima kifunge juu ya kipimo cha kwanza, na kikatae kufunga juu ya cha pili. Kikifunga juu ya vyote viwili, nafasi imezidi, na ganda linaweza kupasuka.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa risasi ya .22 Hornet. Mwaka 1885 Winchester ilitoa risasi ndogo ya .22 kwa ajili ya bunduki hii ya Browning, iliyotumia baruti nyeusi na kwenda kwa mwendo wa takriban futi 1,500 kwa sekunde. Katika miaka ya 1920 wapenzi wa shabaha waliohusiana na ghala la silaha la Springfield, miongoni mwao Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, walichukua ganda hilo la zamani, wakalijaza baruti isiyo na moshi na kulitia kichwa kilichofunikwa kwa shaba. Mwendo ukapanda hadi takriban futi 2,400. Winchester ilianza kuiuza risasi hiyo mwaka 1930, kabla ya kuwapo bunduki ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mafundi wakageukia bunduki za risasi moja zilizokuwa zimesahaulika.

Hapa ndipo penye hatari. Ganda la Hornet linakaribia kufanana na lile la mwaka 1885, lakini shinikizo lake ni kubwa zaidi. Bunduki yenye kuta fupi iliundwa kwa risasi za nguvu ndogo na kwa chuma cha enzi zake. Tundu la pini yake ya kufyatulia pia lilikuwa pana, na chini ya shinikizo kubwa fataki inaweza kutoboka na gesi kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu hupunguza tundu hilo, huweka pini nyembamba, na hupendelea kiunzi cha kuta ndefu kwa risasi yoyote yenye nguvu. Wengine hukataa kabisa kuibadilisha bunduki yenye kuta fupi ili itumie Hornet.

Pia kuna mjadala ambao haujaisha kati ya wahifadhi na watumiaji. Chemba ikishakatwa hairudi. Bunduki iliyobadilishwa inaweza kutumika, lakini imepoteza sehemu ya ushahidi wa historia, na wakusanyaji huilipia bei ndogo. Kwa hiyo desturi iliyo bora ni kubadilisha zile tu ambazo mitutu yake imekwisha kuharibika, na kuziacha nzima kama zilivyo.

Urithi

Mwaka 1973 kampuni yenye jina la Browning ilianza tena kuuza bunduki ya risasi moja yenye mfumo uleule, ikitengenezwa Japani na kampuni ya Miroku. Katika mji wa Ogden, jengo la zamani la kituo cha reli lina makumbusho yenye mifano ya silaha zake.

Silaha zake za vita zilibadilisha namna watu wanavyopigana, na wapo wanaomhukumu kwa hilo. Bunduki yake ya kwanza ina habari nyingine. Iliundwa na kijana aliyetumia utoto wake kutengeneza vitu vilivyovunjika, naye akaifanya iwe rahisi kufunguliwa na kutengenezwa. Ndiyo sababu fundi wa leo, mwenye tupa na mashine ya kukereza, bado anaweza kuishika, kuielewa na kuirudisha kazini.